Punda wa Jirani

3 Februari

Kwa mpwa wangu, Daktari wa Paka,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Huku hatujambo. Mkaza mjomba wako goti bado linamsumbua ila mdomo mzima kabisa, na anauliza kama siku hizi unakula chakula cha watu au bado unashindia chai. Mpangaji wa chumba cha uani amehama, katuachia kitanda kibovu na paka. Paka hana tatizo lolote, kwa hiyo usijipe safari.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ninayo. Nikikupigia nikiwa kijiweni, wenye mikokoteni wote wanasogea kusikiliza. Nikikupigia nyumbani, mkaza mjomba wako ananipokonya simu aanze kukuuliza utaolewa lini. Hili la leo halitaki masikio mengi. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi, ataiacha ofisi ya vifurushi, nao watakuletea kliniki.

Ni hivi. Nina jirani yangu ana punda. Mguu wa mbele wa kushoto, punda huyo anaukanyaga kwa mashaka, hasa kwenye kokoto. Akitoka bandani asubuhi anachechemea, akishachangamka anatembea kama kawaida. Jirani kamwangalia kwato, hakuona msumari wala jeraha. Anataka kujua kama ni kitu cha kuisha chenyewe. Nikamwambia nina mpwa kasomea mambo hayo, nitamuuliza. Usimtajie mtu, jirani mwenyewe ana aibu sana.

Punda wetu Meneja naye hajambo. Ni yule yule, akisimama yeye kazi yote inasimama.

Mjomba wako.


17 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeipata juzi, kondakta alizunguka nayo mfukoni. Mimi mzima. Mwambie mkaza mjomba nakula, na lile jambo lake lingine asinikimbize.

Kazini ni vile vile. Kliniki ina vigae vyeupe mpaka katikati ya ukuta, na leo asubuhi nimemkata kucha mbwa aliyekuja na mto wake. Mwenye mbwa alilia kuliko mbwa. Siwacheki wateja, ndio wanaonilisha, lakini kuna siku nasimama dirishani na glavu mikononi najiuliza nilisomea nini. Situlii, mjomba. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kuondoka, na sijui niende wapi.

Kuhusu punda wa jirani. Kama nje hakuna kidonda, huenda ana jipu ndani ya kwato. Changarawe moja ikipenya inatosha. Jirani aloweke mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni, aufunge kitambaa safi, na ampumzishe kabisa. Kumpumzisha ndiyo dawa yenyewe. Jipu likipasuka punda atapata nafuu, lakini jirani asidanganyike: lazima mtu anayejua aikate kwato mpaka usaha wote utoke, kisha punda apigwe sindano ya pepopunda. Asijaribu mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

Ila niambie, ni jirani yupi huyo? Kushoto kwenu ni fundi cherehani, kulia ni ukuta wa shule.

Mshikie Meneja lile sikio lake la kulia, lenye pengo. Mpaka leo nikishona mnyama namkumbuka yeye na ule waya wa uzio, na mimi na sare yangu ya shule imejaa damu. Wewe ndiye uliyemshika kichwa ukaniambia, "Mshone, unaogopa nini?"

Mpwa wako.


8 Machi

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Huku tunaendelea. Paka wa mpangaji amezaa ndani ya ndoo ya unga, na mkaza mjomba wako hasemi na mimi, utadhani baba wa watoto ni mimi.

Jirani ni wa upande wa nyuma, kahamia karibuni. Usinihoji kama polisi.

Kafanya yote uliyosema. Maji ya chumvi, kitambaa, kila kitu. Usaha ukatokea kwa juu, pale kwato inapokutana na ngozi, na punda kaanza kukanyaga vizuri. Jirani kafurahi sana, anakushukuru. Lakini hilo la kumpumzisha, hapo ndipo pagumu.

Wewe umeondoka siku nyingi, labda umesahau mambo ya kijiweni. Asubuhi mikokoteni inapanga foleni, wakandarasi wanakuja kuchagua watu wa kubeba mchanga na maji. Mwenyekiti wa chama chetu anapita anaangalia miguu ya punda. Punda akichechemea anatolewa kwenye foleni, na mkandarasi akishamwona hivyo hamchukui tena hata akipona, anasema huyo ataniangushia mzigo. Kwa hiyo mwenye punda mgonjwa anafunga mdomo. Jirani anamfikisha mapema kabla watu hawajajaa, ili wamkute amesimama. Punda wakiwa wamesimama wote ni sawa.

Utauliza kwa nini asiite daktari. Ofisi ya mifugo ina kufuli tangu bwana mifugo alipohamishwa. Yule daktari wa binafsi ukimwita anataka nauli ya kuja na kurudi kabla hata hajamgusa mnyama, na dawa unalipia mbali. Mtu akokote mchanga wiki nzima kwa ajili ya mguu mmoja? Basi anaombea upone.

Meneja anakula vizuri.

Mjomba wako.


29 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini mmeshaelewana na mkaza mjomba. Hao paka wapelekwe shuleni, jiko la shule halikosi panya.

Nina habari, na nimeshindwa kukaa nayo. Tangu nilipopata barua yako nimekuwa nikimfuata bosi wangu, mama mwenye kliniki, mpaka amechoka kuniona. Nimemwambia kuhusu ofisi yenye kufuli na daktari wa nauli. Amekubali. Tutakuja na gari, dawa na vifaa, siku moja nzima mwezi wa tano, na hakuna atakayelipa kitu. Akiridhika kwamba kuna haja, tutakuwa tunakuja kila mwezi kwa bei ya chini kabisa. Yote yanategemea siku hiyo ya kwanza.

Nimechagua kijiweni kwenu. Punda wote wako pale, wenyewe wako pale, kivuli cha kibanda cha mwenyekiti kipo. Hakuna pazuri zaidi. Naomba uwatangazie watu, na naomba zaidi uje wa kwanza na Meneja ili wengine wasiogope. Na jirani yako aje bila kukosa. Nafuu ile uliyoniandikia haidumu, huo mguu utarudi tu. Nimemnunulia kisu cha kwato kipya kabisa.

Nina furaha, mjomba, na sijasema neno hilo siku nyingi.

Mpwa wako.


14 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mvua imeanza, paa la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana.

Nimetangaza. Watu wamefurahi, mwenyekiti naye kasema mtoto wetu katukumbuka.

Ila naona kijiweni pana vumbi sana kwa mambo ya dawa. Huwezi kukaa nyuma ya shule, pale kwenye miti? Au mpite nyumba kwa nyumba, polepole? Ni wazo tu. Kama haiwezekani, basi.

Jirani kasafiri.

Meneja atakuja.

Mjomba wako.


24 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naomba mkaza mjomba anisamehe kwa kuondoka bila kunywa chai yake. Gari lilikuwa linangoja na mimi nilikuwa sijiamini. Ningekaa, ningesema maneno mabaya nyumbani kwenu.

Nilipofika kijiweni nikakuta mikokoteni imepangwa na punda wanang'aa, nusura nilie. Mpaka nilipoanza kuwashika. Wote wameogeshwa kwa sabuni. Mmoja kwato zimepakwa rangi ya viatu, vidole vyangu vikatoka vyeusi. Nikapima punda baada ya punda, kwenye kijiwe kinachokokota mchanga kutwa, na sikupata hata mchubuko. Nikauliza, wagonjwa wako wapi? Wakaniambia, "Huku hatuna wagonjwa daktari, tunashukuru." Na wakandarasi wamesimama pembeni wanatazama kama wako mnadani.

Na wewe ukaja wa kwanza, kama nilivyokuomba. Shati limepigwa pasi. Punda amefungwa kitambaa sikio la kulia. Nikakuuliza lina nini, ukasema nzi. Mjomba, Meneja ana mvi puani. Uliyemleta hata meno hajamaliza kuota. Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo hapo, sikukifungua kile kitambaa. Nikamsikiliza moyo, nikasema kwa sauti kwamba Meneja ni mzima, na wewe ukaangalia chini. Umenifanya niseme uongo mbele ya watu nikiwa nimevaa koti langu jeupe.

Bosi alipiga picha. Ameandika kwamba eneo hilo lina punda wenye afya nzuri na hakuna haja ya kurudi. Siwezi kumlaumu, aliandika alichokiona.

Nina hasira na wewe, sitaki kukuficha. Na zaidi ya hasira nina wasiwasi. Meneja yuko wapi?

Mpwa wako.


30 Juni

Shikamoo mjomba,

Mwezi umepita na hujajibu. Nimepiga simu, mkaza mjomba anasema uko kazini, kila saa uko kazini. Nikimuuliza kuhusu Meneja anaanza habari za paka.

Ukiandika, usipeleke kliniki. Mwambie kondakta barua iachwe kwenye duka la vyakula vya kuku, lile lililo mbele ya ofisi ya vifurushi. Usiniulize kwa nini.

Sasa hivi silali vizuri. Nikilala naona ule mguu wa mbele wa kushoto ambao sijawahi kuuona.

Mpwa wako.


12 Julai

Mpwa wangu,

Leo sina salamu.

Jirani hana punda. Upande wa nyuma kuna shimo la taka, unalijua, hakuna aliyehamia. Punda ni Meneja, tangu barua ya kwanza.

Siku ile ulipokuja alikuwa bandani, mguu umeshavimba tena. Ningemleta, angetembea hatua chache mbele ya wakandarasi na kazi yangu ingeishia hapo. Nisingemleta, watu wangesema mjomba mtu kamficha punda wake, basi ni mgonjwa. Nikaazima wa shemeji. Kitambaa nilifikiri kitatosha. Ulipomsikiliza moyo nilijua umejua, na uliponistahi mbele za watu nilitamani ardhi inimeze. Kila nikishika kalamu tangu siku ile naona aibu, naiweka.

Nimeendelea kumfanyisha kazi. Naandika ili ujue ni mimi niliyefanya. Alikuwa akisimama katikati ya njia, ananiangalia, na mimi namchapa. Meneja, mpwa wangu, aliyekubeba wewe na sanduku lako la bati mpaka stendi siku ulipoenda chuo.

Sasa amelala chini. Anakula nikimshikia majani mdomoni. Mkaza mjomba wako amehamishia kiti chake bandani, hatoki.

Kama huna nafasi nitaelewa. Kama unayo, njoo.

Mjomba wako.


2 Agosti

Shikamoo mjomba,

Nimefika salama, na kifurushi cha mkaza mjomba kimefika nusu, nusu nyingine nilikula kwenye basi. Mwambie ameshinda, nimeongezeka.

Nilipokuwa huko tuliongea machache, wewe umeshika kichwa na mimi nimeshika kisu, kama zamani. Niandike sasa niliyoshindwa kusema bandani.

Kwanza, Meneja. Usaha wote umetoka na amesimama, na alivyojaribu kuning'ata nilifurahi. Lakini jipu limekula mpaka karibu na mfupa. Atachechemea maisha yake yote. Hatavuta tena mchanga, mjomba, hata kidogo. Ungeniambia mwezi wa pili ingekuwa kukata na kufunga. Sikwambii ili ikuume, najua inakuuma. Nakwambia kwa sababu mabanda yaliyokuzunguka yana akina Meneja wengine, na siku yao ya mwezi wa pili ni leo.

Pili, kliniki sipo. Baada ya ile ripoti nilimwambia bosi kwamba tulichoona ni maonyesho. Akauliza nimejuaje. Nisingeweza kumjibu bila kukutaja wewe. Akasema nimemharibia muda, nami nikamrudishia, maneno yakawa mengi. Nilitoka na begi langu na kisu cha kwato. Sasa natibu kuku na mbuzi nikianzia kwenye hilo duka la vyakula. Sikukwambia kwa sababu ungeona kosa ni lako. Lilikuwa langu pia. Niliwatengea daktari mahali pale pale mnapochaguliwa kazi, kisha nikashangaa mmependeza.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Kabla sijaondoka watu wanne walinivuta pembeni, mmoja mmoja. Mmoja nyuma ya choo cha shule. Kila mmoja ana jirani mwenye punda mgonjwa. Wote wananiomba nije kwa siri.

Siwezi. Nimepiga hesabu kila namna. Nikija kwa siri, kila mwenye punda analipa nauli yangu peke yake, na hapo nimekuwa yule yule daktari wa binafsi. Nikija siku moja, mahali pamoja, nauli na dawa zikagawanywa kwa kijiwe kizima, kila mtu atatoa bei ya gunia la pumba. Bei hiyo naiweza na mnaiweza. Lakini inataka mtu wa kwanza asiye na jirani.

Sikuombi uwe wewe. Nimeshakuomba mara moja uje wa kwanza.

Mpwa wako.


28 Agosti

Kwa mpwa wangu, Daktari,

Marahaba, na salamu nyingi. Mkaza mjomba wako anasema goti limepata nafuu tangu ulipoondoka, sijui ulimpa dawa ya mnyama gani. Paka mmoja amebaki, anadai ni wake.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni siku kadhaa. Kila nikifika ile sehemu ya mtu wa kwanza naikunja. Kisha Jumatatu nikamtoa Meneja bandani, bila mkokoteni, bendeji yake nyeupe mguuni, na tukaenda kijiweni. Sikwenda mapema. Nilingoja foleni ijae na wakandarasi wafike.

Unajua urefu wa njia ile kutoka kwenye kona mpaka kibandani. Siku ile ilikuwa ndefu. Meneja alichechemea yote, na mimi sikumvuta. Akafika katikati akasimama, kama kawaida yake, basi na mimi nikasimama naye pale, kila mtu anatuangalia. Nilikuwa naogopa, sitaki kukudanganya. Kisha nikasema, "Huyu ni Meneja. Ni wangu. Aliumwa tangu mwezi wa pili nikamficha, sasa ndio hivi. Yule niliyemleta kwa daktari alikuwa wa kuazima."

Mkandarasi mmoja alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Akanitoa kwenye foleni palepale, mbele ya wote, akasema sheria ni sheria. Nikageuka na Meneja tukarudi nyumbani, na njia nzima hakuna aliyetufuata. Mkaza mjomba wako kaniuliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia hawajasema. Siku nzima nimezunguka uani, nashika hiki naacha kile. Nikajua nimejimaliza bure, na wewe nimekuangusha mara ya pili.

Alasiri nikasikia geti. Mwenyekiti. Nikafikiri amekuja kunifukuza chamani kabisa. Amevua kofia, nyuma yake ana jike lake, lile la kijivu analolipitisha mbele ya foleni kila asubuhi. Na jike hilo, mpwa wangu, linachechemea mguu wa nyuma, na kwato zina rangi ya viatu.

Nikamuuliza, nami najua ninauliza nini, "Wa jirani huyo?"

Akaangalia chini kama nilivyoangalia mimi. Kisha akasema, "Wangu."

Kesho yake foleni ilikuwa fupi sana, kila mwenye punda mgonjwa kamwacha bandani. Wakandarasi wameng'aka, kisha wamengoja, maana mchanga haujibebi. Mwenyekiti amewaambia punda aliyetibiwa atarudi kwenye foleni na hakuna wa kumkataa. Kuhusu mimi, shemeji ameniachia yule punda wake mdogo tugawane siku. Meneja anashinda uani, anakula mboga za mkaza mjomba wako, na hakuna anayemwambia kitu.

Pesa za nauli yako amezishika mwenyekiti, kila mtu katoa. Njoo na kisu kile na sindano za kutosha. Utatukuta kijiweni, pale pale.

Safari hii hatutawaogesha.

Mjomba wako.